Pambizo Zisikatwe

Hebu niambie, msomaji wangu: ukiulizwa sasa hivi, mbele ya watu, "Wewe unataka nini?", utajibu upesi, au utaanza kuangalia vidole vya miguu yako?

Yuko mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kujibu. Utotoni akiulizwa achague gauni la bluu au la kijani, alisema, "Sawa tu." Akiulizwa alale upande wa ukutani au wa mlangoni, "Sawa tu." Mama yake alipochoka kumwuliza akamwita Sawatu, na jina likamganda kama gundi kwenye kidole. Alipoposwa, baba yake alimwita chumbani, akamwuliza kama amemridhia yule karani mpole aliyeleta posa. Akasema sawa tu. Akaolewa, akakaa na karani wake miaka ishirini bila kelele, na karani alipofariki alimlilia kwa haki, maana hakumkosea kitu. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane, amerudi kuishi na dada yake mkubwa katika nyumba waliyozaliwa, na kila siku isipokuwa Jumapili alikwenda kazini kwake, kujalidi vitabu.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la daftari na kalamu. Meza tatu, dirisha moja kubwa, sufuria ya gundi ya unga, nyuzi zilizopakwa nta zikining'inia kwenye misumari, na pale pembeni mashine ya kukata karatasi, yenye kisu kirefu ambacho kikishuka kinatoa sauti ya mtu anayeguna. Mwenye karakana watu walimwita Mzee Gundi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na miwani mbili, moja puani na moja kichwani, na siku zote alikuwa akiitafuta ile ya kichwani.

Jumanne asubuhi Mzee Gundi alikuja na furushi, akalitua mbele ya Sawatu kama mtu anayetua jeneza.

"Hii, binti yangu, ndiyo kazi itakayonipeleka kaburini. Mtu mzima, mvi kichwani, viatu vimepigwa rangi, ananiletea katuni za watoto nimjalidie. Nikasema haya, mteja ni mfalme. Halafu soma alivyoandika kwenye hati ya kazi."

Sawatu akasoma. Mwandiko ulikuwa wa herufi zilizosimama wima kama nguzo za uzio: *Pambizo zisikatwe hata kidogo.*

"Umeona? Kitabu kisichokatwa pambizo ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuchana nywele! Nimemweleza, hataki kusikia. Anakuja Jumamosi saa tano. Jumatatu anasafiri, kazi ya miaka miwili, huko wanakopima ardhi mpya. Haya, miwani yangu iko wapi?"

"Kichwani, Mzee."

Furushi lilikuwa limefungwa kwa utepe wa kupimia, ule wa kitambaa, wenye namba zilizofifia. Sawatu akaufungua taratibu, akalifunua furushi. Jarida la juu lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye taa kwenye paji la uso na sururu begani, mdomo ameufunga kabisa.

Mchimbaji Kimya.

Mikono ya Sawatu ikasimama.

Nikueleze sasa, ili tuende pamoja. Zamani, Sawatu akiwa na miaka kumi na minne, yalikuwapo majarida mawili ya katuni yaliyotoka kila wiki. Moja liliitwa *Rubani Kipanga*, la mwanamke mwenye ndege iliyotiwa viraka, asiyeogopa mawingu wala wanaume. La pili ni hilo, *Mchimbaji Kimya*, la mtu aliyesafiri chini ya ardhi na punda wake, ambaye tangu toleo la kwanza hakuwahi kutamka neno. Sawatu alinunua Kipanga. Kijana wa nyumba ya jirani alinunua Mchimbaji. Kila mmoja alilidharau jarida la mwenzake.

Halafu wenye majarida wakafanya ujanja wa biashara. Wakatunga kisa kirefu cha sehemu kumi na mbili, *Daraja la Moshi*, ambamo Kipanga anatoka mawinguni na Mchimbaji anatoka ardhini, kila mmoja anamtafuta mwenzake asiyemjua. Sehemu ya kwanza ikatoka katika Kipanga, ya pili katika Mchimbaji, ya tatu katika Kipanga, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwenye jarida moja alikuwa na nusu ya hadithi, na nusu ya hadithi haiwezi kumlaza mtu usingizi.

Basi ukutani, kati ya nyumba zile mbili, palikuwa na tundu lililobaki bomba la maji lilipohamishwa. Majarida yakaanza kupita pale, yamekunjwa kama mkeka, yanakwenda na kurudi. Na kwa kuwa wakati ule nyumba zile mbili zilikuwa zimeshaacha kusalimiana, watoto wale hawakuzungumza. Waliandikiana kwa penseli kwenye pambizo, ule weupe kandokando ya picha.

Sawatu akafungua sehemu ya sita. Pale pembeni ya picha ya pango, mwandiko wa kitoto, herufi zimesimama kama nguzo: *Punda ana miguu mitano. Hesabu.* Na chini yake, mwandiko wake mwenyewe, wa mviringo, aliousahau kama mtu anavyosahau sauti yake: *Heri mitano kuliko akili yako isiyo na hata mmoja.* Na chini zaidi: *Kipanga, unanionea.*

Kipanga. Ndivyo alivyomwita. Katika dunia nzima ni mtu yule mmoja tu aliyekataa kumwita Sawatu.

Akaketi, akasoma. Gundi ikakauka kwenye sufuria. Kwa macho ya utu uzima aliona kwamba michoro haikuwa hodari sana. Viatu vya Kipanga vilibadilika rangi kila ukurasa, na fundi wa ndege yake alikuwa na jino bovu kulia leo, kushoto kesho. Lakini pale Kipanga alipozima injini juu ya wingu jeusi ili asikilize kama kuna mtu anayegonga chini ya ardhi, Sawatu aliinama juu ya karatasi kusikiliza naye, vilevile kama zamani. Akageuza karatasi kutafuta kinachofuata, na kinachofuata hakikuwapo. Kilikuwa katika sehemu ya saba. Sehemu ya saba ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya sanduku, chini ya kitanda.

Akahesabu: ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, ya kumi. Akahesabu tena. Ya kumi na mbili haikuwamo.

"Vipi huko?" Mzee Gundi akauliza kutoka mlangoni. "Kazi mbaya?"

"Sawa tu, Mzee," akasema Sawatu, na kwa mara ya kwanza neno lile lilimkwaruza likitoka.

*

Dada yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mgongo umenyooka, na mdomo wake siku zote ulikuwa na pini mbili tatu, hata watu walisema ndiyo maana maneno yake yanachoma. Chumba chake cha kazi kilikuwa na pazia zito jeupe lenye lasi pembeni. Mgeni angelisifu lile pazia. Watu wa nyumba hawakulisifu, maana walijua lilikuwa nini kabla halijawa pazia.

Dada aliwahi kuchumbiwa. Mchumba alikuwa kaka mkubwa wa nyumba ya jirani. Siku zilikuwa zimepangwa, kadi zimekwenda, gauni amelishona mwenyewe usiku na mchana. Zikiwa zimebaki siku tisa, yule kaka akatuma mtu kusema amebadili mawazo. Hakuja mwenyewe, alituma mtu. Dada hakupiga kelele. Alilifumua gauni mshono kwa mshono, akalishona pazia, akalitundika, na tangu siku ile jina la familia ile halikutajwa tena. Ikawa "nyumba ile".

Jioni hiyo Sawatu alipiga magoti, akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Dada akasimama mlangoni.

"Unatafuta nini huko? Vumbi?"

"Majarida yangu ya zamani."

"Ya nini?"

Sawatu hakujua kudanganya. Hakuwahi kupata mazoezi. "Amekuja mtu karakanani. Ameleta nusu yake ajalidiwe. Ni yule kijana, Dada. Mpimaji ardhi sasa."

Dada akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mkono wa gauni lake. "Kijana gani?"

"Wa nyumba ile."

Cherehani ilikuwa kimya, lakini Sawatu aliisikia kama inazunguka.

"Mmeonana?"

"Bado. Sikuwapo mbele alipokuja."

"Ana mke?"

"Dada!"

"Nimekuuliza, ana mke? Umri wako huo, na mtu wa nyumba ile anakuja na furushi la katuni, unadhani mimi ni mtoto mchanga?"

"Mzee Gundi anasema waliachana zamani, binti yao ameshaolewa. Mimi sikuuliza. Unamjua Mzee Gundi, ukimwambia habari za asubuhi anakupa na za jirani zake."

"Na watu watasema nini? Mdogo mtu anakwenda kuokota palepale alipoangushwa mkubwa!"

"Watu gani, Dada? Mama hayupo. Baba hayupo. Mjumbe aliyeleta ile habari tumemzika mwaka jana, tena wewe ndiye uliyeshona sanda."

Dada akafumba macho kidogo. Halikuwa jambo la kuchekesha, na hakuna aliyecheka.

"Hakuniaga," Sawatu akasema, akilifuta vumbi sanduku kwa kiganja. "Sehemu ya kumi na moja nilimpelekea pale tunduni, akairudisha. Nikangoja ya kumi na mbili wiki nzima. Asubuhi moja nikaona gari la mizigo, wamehama. Hakuniandikia hata neno. Basi hata hilo nikaona sawa tu."

Dada alitaka kusema kitu. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha akageuka, akaenda kukaa kwenye kiti chake, akaanza kushona kitambaa ambacho, Sawatu aliona, hakikuwa na uzi.

*

Alhamisi alfajiri, Sawatu akiwa anafunga viatu, Dada aliingia na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha lasi nyeupe. Akakiweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu anayeweka chungu cha moto.

Lilikuwa jarida. *Mchimbaji Kimya*. Sehemu ya kumi na mbili, ya mwisho.

Lakini lilikuwa dogo. Pambizo zote zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, karatasi kwa karatasi, mpaka kwenye mstari wa picha. Aliyekata alikuwa na mkono wa kazi. Hapakuwa na mahali palipopinda.

"Lilipita tunduni," Dada akasema. "Mwezi wa tatu baada ya… wiki ile. Nilikuwa nimekaa pale uani, sijui hata nilikuwa nafanya nini. Likatokeza kama nyoka. Nikalichukua. Nikaona mwandiko wa mtu wa nyumba ile, unamwandikia mdogo wangu, nikasema hapana. Hawatatuchukua wote wawili kwa mchezo. Nikakata. Vipande nikavitia kwenye jiko."

"Paliandikwa nini?"

"Sikusoma."

"Dada."

"Wallahi sikusoma! Ningesoma nisingekata." Sauti ikamvunjika hapo, mwanamke ambaye hakulia kwa gauni wala kwa kadi. "Picha nimezisoma. Nimezisoma mara nyingi, sikufichi. Yule bubu anasema neno mwishoni. Sikwambii ni neno gani."

Sawatu akalishika jarida, hakulifungua. Hasira zilikuja, zikamkuta hajui pa kuziweka, kama mgeni anayefika nyumba isiyo na kiti.

"Kwa nini unanipa leo?"

"Kwa sababu juzi umesema uliona sawa tu." Dada akamsogelea, akamshika mabega. "Sikiliza. Mimi nilijua ninachotaka, nikakisema, nikanyimwa. Iliniuma, lakini najua kilichoniuma. Wewe hukunyimwa, mdogo wangu. Hukuomba! Umeishi kama mtu aliyeazimwa nyumba. Haya, niambie mimi dada yako. Unataka nini?"

Sawatu akafungua mdomo. Neno lake la siku zote likaja mbio, likafika ulimini.

"Usithubutu," Dada akasema.

Akalimeza. Lakini lingine la kuweka mahali pake hakuwa nalo bado. Akachukua jarida na sanduku, akatoka.

*

Kazi aliyoifanya siku mbili zile, Alhamisi na Ijumaa, Mzee Gundi alikuja kuisimulia kwa miaka.

Kwanza akachukua ile sehemu ya kumi na mbili na kuigeuza kifudifudi. Hakutaka kuisoma. Hakuweza kueleza kwa nini, ila alihisi imemfikia pamoja na swali, na swali halijajibiwa. Akakata vipande vyembamba vya karatasi nyeupe, akavipaka gundi ukingoni, akaviunganisha kwa kila ukurasa uliokatwa, akavikandamiza kwa mfupa wa kukunjia karatasi mpaka kiungo hakionekani ila ukikigusa. Pambizo mpya, tupu.

Kisha akapanga. Ya kwanza, yake. Ya pili, ya mteja. Ya tatu, yake. Ya nne, ya mteja. Akatoboa matundu, akatia uzi wa nta kwenye sindano, akashona. Uzi uliingia katika la kwanza ukatokea katika la pili, ukarudi, ukafunga kifundo, ukaendelea. Ijumaa mchana mgongo ulikuwa umetiwa kitambaa, jalada limekazwa kwenye shinikizo, na kitabu kilikuwa kimoja.

Mzee Gundi akaja kukikagua. Akafungua, akafunga. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani.

"Binti yangu. Mteja alileta matano."

"Ndiyo, Mzee."

"Humu mna kumi na mawili."

"Saba nimeleta mimi. Nilikuwa nayo."

"Umeshona mali ya mteja pamoja na mali yako? Kwa uzi mmoja?" Akakaa kitako. "Miaka kumi na minane nimefanya kazi na wewe, hujawahi kukosea hata pembe ya jalada. Sasa huyu bwana akisema anataka chake, nikitenge vipi? Ukikata uzi, kitabu chote kinamwagika. Nani ataondoka nacho?"

Sawatu akaangalia mikono yake. Ni kweli. Fundi wa mwaka mmoja asingelifanya kosa lile. Alishona bila kufikiri, au alishona akifikiri kuliko siku zote. Hata yeye hakujua.

"Nitamweleza mwenyewe, Mzee."

"Wewe? Wewe utamweleza mtu?"

*

Jumamosi saa tano kasoro dakika tano, kengele ya mlango wa duka ikalia. Mzee Gundi, ambaye hajawahi kukosa mazungumzo katika maisha yake, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli stoo.

Mpimaji aliingia karakanani akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa mrefu kuliko Sawatu alivyomdhania, amekauka kwa jua, na jicho moja alilifumba kidogo kama mtu aliyezoea kutazama mbali kwa kioo cha kazi. Alimwona mwanamke amesimama nyuma ya meza, aproni ya kahawia, nywele zimefungwa kitambaa. Akaanza salamu ya mteja.

"Habari za kazi, mama. Nimefuata kile kitabu cha…"

Lile jicho lililofumba likafunguka.

Sijui kama umewahi kutazamwa hivyo. Si kutazamwa kwa kupendezwa. Hata mchuuzi anaweza kukutazama hivyo. Ni kule mtu anapoupima uso wako polepole, anaondoa mwaka mmoja, anaondoa mwingine, mpaka anamfikia anayemtafuta.

"Kipanga," akasema.

Sawatu akashika ukingo wa meza. "Karibu ukae, Mchimbaji."

Hakukaa. "Sikujua uko hapa. Naapa. Nilifiwa na mama mwezi uliopita. Nikawa napanga vitu vyake, nikayakuta ndani ya kabati, panya wameanza kuyala pembeni. Nikasema yatakwisha, na mimi naondoka. Yule mzee wa mbele hakuniambia…"

"Yule mzee hajui. Anajua kila kitu isipokuwa hilo. Pole kwa mama."

"Nimeshapoa."

Mtaani mtu alikuwa akigonga bati, ko, ko, ko, anapumzika, ko.

"Sehemu ya mwisho," Sawatu akasema, "haikunifikia."

Akamweleza. Hakumficha kitu wala hakumpamba dada yake. Alisema gauni, tundu, mkasi, jiko. Mpimaji alisikiliza ameinamisha kichwa, akiizungusha kofia mikononi. Sawatu alipomaliza, Mpimaji akakaa sasa, kwenye kigoda cha kushonea, magoti yamemfika kifuani.

"Kwa hiyo hukuwahi kuona," akasema.

"Sikuona."

"Miaka thelathini na minne nimedhani uliona ukakataa."

"Uliandika nini?"

Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Neno la kitoto. Nilijua tunahama, Baba alikuwa ameshatafuta gari, hakuweza kuutazama tena uso wa baba yako. Niliandika: *Kipanga, hili la mwisho sijalisoma. Tusome pamoja, siyo kupokezana. Njoo ukutani saa kumi.* Nikakaa ukutani. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja, giza likaingia. Mama alinifuata kwa fimbo."

Sawatu alisikia kitu kikishuka ndani yake taratibu, kama kile kisu cha mashine, ila hiki hakikukata.

"Hukulisoma?"

"Nilikuwa nimeshasema tusome pamoja."

"Mpaka leo hujui mwisho wake?"

"Sijui. Wewe?"

"Nimeliunganisha likiwa limelala kifudifudi."

Akakitoa kitabu chini ya meza, akakiweka kati yao. Jalada la kitambaa cha kijivu, halina maandishi. Mpimaji akalifungua, akapitisha kidole kwenye pambizo. *Hesabu. Unanionea. Ndege haiwezi kurudi kinyumenyume, mjinga wewe. Ya Kipanga inaweza.* Midomo yake ilikuwa ikisoma bila sauti. Kisha akasita. Akarudi nyuma karatasi chache, akaenda mbele.

"Na haya ni yako. Umeyatia yote humu."

"Nimekosea kazi," Sawatu akasema, uso umemwaka. "Ulileta matano. Nimeyashona na yangu kwa uzi mmoja. Ukiyataka peke yake itabidi nikate, na nikikata, karatasi hizi za zamani hazitastahimili kushonwa tena. Nisamehe. Sijui nini kilinipata."

Mpimaji akaendelea kufunua karatasi. Akafika sehemu ya mwisho, akagusa zile pambizo nyeupe, kile kiungo kinachosikika kwa kidole tu. Hakugeuza ukurasa.

"Jumatatu naondoka," akasema. "Miaka miwili, labda mitatu. Barua ya mkataba iko mfukoni, sijaitia sahihi. Nasema nitaitia garini. Nyumbani hapana wa kuniuliza nakwenda wapi." Akainua macho. "Kitabu hakigawanyiki, ni kweli. Basi mmoja wetu akichukue. Sema wewe. Nikichukue mimi, nikakisome huko, nikuandikie mwisho wake kwa barua? Au nikuachie? Utakavyosema, Kipanga, nitafanya. Sitakulazimisha. Dada yako ana haki ya kutotaka kuniona, najua hilo pia."

Nje bati likaacha kugongwa. Nyuma ya mlango wa stoo Mzee Gundi alikohoa, kisha akajuta.

Neno la Sawatu likaja. Lilikuwa na miaka arobaini na minane, linaijua njia. Lingekuwa rahisi: achukue, sawa tu, aache, sawa tu. Angekwenda nyumbani, angemkuta Dada chini ya pazia lile, wangekula, na Jumatatu ingepita kama Jumatatu nyingine. Alilisikia likifika kwenye meno. Akakumbuka mtu amekaa ukutani mpaka giza. Akamkumbuka na dada yake, *hukuomba*, na mikono yake miwili mabegani.

Akaweka kiganja juu ya kitabu, karibu na mkono wa Mpimaji, mpaka vidole vikagusana.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Si sawa." Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa yake. "Sitaki ukichukue. Sitaki uniachie. Barua za mwisho wa hadithi sizitaki. Nataka ukae hapo ulipokaa, unisogezee kigoda kingine, tusome pamoja. Na Jumatatu sitaki uondoke. Nataka ubaki."